Ruguru na Breki ya Mbele

Kitu cha kwanza Ruguru hufanya asubuhi, kabla hajafungulia kuku, ni kutoka nje kutazama moshi wa mama yake. Nyumba yake iko upande huu wa mto na ya mama yake iko ng'ambo, kwenye mteremko unaotazamana na wetu, na katikati kuna bonde ambalo ukilichungulia kutoka juu unaona kizunguzungu. Moshi mwembamba ukitoka jikoni kule, basi mama ameamka, amewasha kuni, na akili yake ipo siku hiyo. Moshi usipotoka, Ruguru harudi ndani. Nimemwona mara nyingi amesimama pale kando ya zizi, kitambaa kichwani, midomo ikisogea, nami najua anaomba.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Cicily, au Mama Kiogora kwa jina la mwanangu, Mmeru wa Mikinduri niliyeolewa hapa juu ya Kianjokoma, na mpaka leo Waembu hunitania kwamba nilikuja na hasira za kwetu nikasahau kuziacha njiani. Ninazo, sikatai. Ruguru hana. Yeye ni mpole kupita kiasi, mchuma chai mwenye ng'ombe wawili, na mumewe Njoka ni askari wa lango kwenye kiwanda huko Thika, anayekuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa amechoka. Kwa hiyo mambo ya mama yalikuwa ya Ruguru peke yake, na mimi nikiwa karibu kusema-sema.

Mama mwenyewe huitwa Mama Kithaka, kwa jina la kifungua mimba wake, ingawa Kithaka alikufa zamani, Ruguru akiwa bado msichana. Wawili hao walikuwa wakibeba maziwa pamoja kwa baiskeli. Kithaka ndiye aliyemfundisha dada yake kupanda, na wazee wa hapa wanasema msichana yule alikuwa akiteremka bondeni akipiga mluzi. Kisha Kithaka akanunua mauntini, baiskeli ya milimani, ya kwanza kuonekana pande hizi, na Jumapili moja asubuhi akashuka nayo kwenda kanisani. Hakufika. Walimkuta chini darajani, ametupwa mbele ya baiskeli, shingo imevunjika.

Watu hawakungoja hata azikwe. Walisema ni breki ya mbele. Aliikamata, gurudumu likasimama ghafla, naye akaruka juu ya usukani. Tangu wakati huo kijiji chetu kina desturi yake: mtu akinunua baiskeli, kabla hata ya kuifikisha nyumbani, anaipitisha kwa fundi itolewe breki ya mbele, kama vile mtoto anavyopelekwa kliniki kuchanjwa. Nilipoolewa nilikuta hivyo, na sikuuliza. Baiskeli ya Kithaka ilipandishwa jioni hiyo na matope yake, mama akaifungia stoo, ufunguo akautia kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Ruguru hakupanda baiskeli tena.

Sasa mama ameanza kusahau. Mwanzo tulicheka naye, maana alikuwa akitafuta leso aliyojifunga kiunoni. Kicheko kiliisha asubuhi moja ambayo hakuna aliyepokea simu kule. Ruguru alishuka kwa miguu, akavuka, akapanda, karibu saa nzima, na alipofungua mlango harufu ikamrudisha nyuma. Gesi ilikuwa imefunguliwa na haijawashwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda na gauni la kulalia, kiberiti mkononi, akikitazama, akijaribu kukumbuka ni cha nini.

Ruguru aliubeba mtungi ule mgongoni mpaka kwangu. Aliuweka chini, akakaa kando yake. "Angepiga njiti moja tu, Mama Kiogora," alisema. "Moja tu." Ndiyo sababu mama amerudi kwenye kuni, na ndiyo sababu tunatazama moshi.

Usiniulize kwa nini hakumhamisha. Alimbembeleza, mchungaji akambembeleza, Njoka akaja kutoka Thika akambembeleza. Jibu la mama ni moja: "Kithaka akija atanikosa." Wasichana wa kumsaidia waliletwa, akawafukuza kwa ufagio. Na watu wa bodaboda wanazunguka kwa barabara ya lami mpaka sokoni na kurudi kwa upande wa pili, safari ndefu, na mvua ikinyesha wanakataa kile kipande cha mwisho. Njia ya mkato ni hiyo ya bondeni.

"Ningekuwa na baiskeli," Ruguru akasema siku moja tukipima chai, kisha akanyamaza kama aliyejisikia akitukana.

Ilimchukua msimu mzima kulisema tena. Mimi ndiye niliyempeleka Embu mjini, kwa Murungi, Mmeru mwenzangu anayeuza baiskeli za mitumba nyuma ya maduka ya nafaka. Zinaning'inia darini kwa magurudumu kama mbuzi buchani. Ruguru alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Nilimvuta mkono, na mkono ulikuwa baridi.

"Karibuni, wamama. Ni ya nani, ya mzee?" Murungi akauliza.

"Ni yake," nikasema. "Na usianze."

Hakuanza. Alimwuliza njia anayopita ikoje, na Ruguru akaieleza kwa sauti ndogo: udongo mwekundu, mawe, mizizi, kona chini ya miti, daraja la mbao, kisha mlima wa kusukuma. Murungi akashusha moja mpya inayong'aa, yenye springi mbele na nyuma. Mimi niliipenda. Yeye akaikandamiza kiti, ikadunda.

"Hii naonyesha ndio ujue ya kukataa," akasema. "Ya bei hii ikiwa na shoki nyuma ni urembo tu. Ni nzito, na ukipanda mlima nguvu yako yote inaishia kwa springi. Ile ingine pale ni ya mashindano, hiyo ni tamu, lakini ikiharibika spea unatafuta Nairobi. Wewe chukua ya katikati."

Ya katikati ilikuwa ya kijivu, imechunika kidogo. Fremu ya alumini, niliinua kwa mkono mmoja. Shoki mbele pekee, nyuma imekaa ngumu, na juu ya shoki kuna kifundo kidogo unachozungusha ukifika kwenye mlima ili isidunde. Tairi pana zenye meno. Gia moja mbele na nyingine zote nyuma, "ndio usichanganyikiwe," akasema Murungi. Breki za diski, mbele na nyuma. Alimfanya Ruguru asimame juu ya fremu miguu chini, akatazama nafasi iliyobaki, akashusha kiti, akasema imemkaa.

Ruguru alikuwa amevaa suruali ndani ya sketi. Alikuwa amejiandaa hivyo tangu nyumbani bila kuniambia, na nilipoiona ile suruali ndipo nilipoelewa amekaza moyo kiasi gani. Akaisukuma mpaka kwenye uwanja wa kushushia magunia. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Alipanda, akayumba, akapiga pedali, akanyooka. Mwili haukuwa umesahau. Alizunguka mara ya kwanza amekunja mabega, mara ya pili akayashusha, na ya tatu nikaona meno yake, akicheka. Machozi yalinilenga, mimi ambaye silii ovyo.

Kisha mkokoteni ukatokea mbele yake. Akakamata breki zote mbili, shoki ikainama, baiskeli ikasimama papo hapo. Hakuanguka. Hakukwaruzwa hata kidogo. Lakini alishuka akaiachilia chini kama chuma cha moto, akarudi nyuma akitikisa kichwa.

"Toa," akasema. "Toa hiyo ya mbele."

Murungi akapumua. "Nyinyi watu wa Kianjokoma! Kila mtu ni toa, toa." Akatuonyesha ndoo ya rangi kando ya mlango, imejaa breki za mbele za watu wa kwetu. "Mimi ningeiacha, mama. Lakini baiskeli ni yako."

Hasira ikanipanda. "Murungi, si ndugu yako aliyekufa. Ametaka itolewe, itoe."

Akaitoa. Ililia kwenye ndoo ilipoangukia wenzake. Ruguru akaniambia asante, na sote wawili tukajisikia salama.

Jumapili iliyofuata mchungaji Hezekiah aliiombea baiskeli nje ya kanisa, kama anavyoombea kila chombo kipya, mkono juu ya usukani, akimkemea shetani wa barabarani kwa jina. Mimi ndiye niliyeitika amina kwa sauti kuliko wote. Hata hivyo, Ruguru alikuwa akiiendesha mpaka juu ya mteremko tu, kisha anashuka na kuisukuma bondeni, anavuka, anaisukuma tena kwenda juu.

"Umenunua fimbo ya kutembelea yenye magurudumu," nilimtania.

Hakucheka. "Nikifika pale juu mikono inakufa ganzi. Namwona."

Hakuhitaji kusema anamwona nani. Siku moja alijaribu kile kipande cha kwanza, kifupi. Gurudumu la nyuma likateleza likataka kumpita, akaanguka ubavu, akarudi na kiwiko kimechunika. Alisema ni yeye, ni miaka mingi, amesahau. Nilimwambia atazoea. Nilisema hivyo ingawa nilikuwa nimeiona ile alama kwenye udongo, mstari mrefu uliopinda kuelekea chini, na breki ilikuwa imekamatwa muda wote.

Mvua za Aprili zilipokuwa zimeshika kweli, nikasikia nikiitwa asubuhi. Haikuwa kuitwa, ilikuwa nduru. Nilitoka na gambuti bila soksi. Ruguru alikuwa kando ya zizi, ameelekeza kidole ng'ambo. Moshi ulikuwepo. Ulikuwa mweusi, mzito, na haukutoka jikoni. Ulitoka nyuma ya nyumba na ulikuwa ukilamba paa.

"Hashiki simu," akasema. "Hashiki, hashiki."

Akaingia, akatoka na baiskeli. Nilimwambia tukimbie kwa miguu. Nilimshika sketi hata, nikabaki na uzi mkononi. Alifika juu ya mteremko na hakushuka. Namwambia kila anayeniuliza: sijawahi kuogopa hivyo, hata siku niliyojifungua Kiogora njiani. Mgongo wake ulizama chini kama unaomezwa, na mimi nyuma nateleza na gambuti, naita jina lake, naita jina la Yesu, nayachanganya.

Nilikuwa nikiisikia ile breki moja. Ilikuwa ikikwaruza, ikilia, na gurudumu likiburuta matope bila kusimama. Aliingia kwenye kona chini ya miti, simwoni. Nikasikia akipiga kelele, neno moja, "Kithaka!" Kisha majani yakavunjika, na kimya.

Nilishuka ile kona kwa makalio. Baiskeli ilikuwa ndani ya nepia, majani ya ng'ombe ya watu, hatua chache kabla ya daraja, gurudumu la mbele bado likizunguka polepole. Ruguru hakuwepo. Niliita, hakuna jibu. Nikalazimisha macho yangu yaangalie darajani, na chini ya daraja, kwenye mawe. Hakukuwa na mtu. Ndipo nilipoona alama za miguu kwenye matope ya upande wa pili, na juu zaidi, sketi yake ikipanda mlima mbio. Alikuwa amejitupa kwenye nepia mwenyewe. Nilikaa chini nikalia kidogo, kisha nikainuka nikamfuata.

Nilipofika, moto ulikuwa wa magunia. Magunia, godoro kuukuu na mabua, vyote vimerundikwa nyuma ya stoo, na Ruguru alikuwa amekwisha kuvivuta mbali na ukuta kwa reki. Damu ilikuwa ikimtoka kidevuni. Mama Kithaka alikuwa mlangoni pa stoo na ufagio, mzima kabisa, mchangamfu, akifagia.

"Unataka kuniua, Mami?" Ruguru alikuwa akilia. "Unataka kuniua?"

"Nasafishia Kithaka mahali," mama akasema. "Kesho ni Jumapili." Na kweli baiskeli ya Kithaka ilikuwa nje, imeegemezwa ukutani, imepanguswa, cheni imepakwa mafuta ya kupikia.

Kisha akaiona ile damu. Ufagio ukamtoka mikononi. "Nani amekutupa?"

"Baiskeli. Breki haikushika."

"Ya mbele?"

"Ya mbele niliitoa, Mami. Ili isinitupe."

Mama aliweka mkono mdomoni. Halafu akaenda kwa baiskeli ya Kithaka, akainama kwa shida, akagusa foki mahali gurudumu linapoingia. Nilisogea nikatazama. Palikuwa na vichuma viwili vifupi vilivyoota kutu ya miaka. Hapakuwa na waya. Hapakuwa na breki.

"Na mimi niliitoa," akasema.

Ruguru akaweka reki chini.

"Nilisikia inatupa watu. Nikaogopa. Nikangoja alale, nikaitoa na spana ya baba yake, nikaitupa chooni. Sikumwambia. Asubuhi akashuka kwenda kanisa." Alisema haya yote bila kuinua sauti, akipangusa kile kichuma kwa kidole gumba. "Akija ataniuliza iko wapi. Namngoja, na naogopa akija."

Nilikuwa nafikiria kijiji kizima, na ndoo ya Murungi, na mama huyu aliyekaa na ufunguo shingoni miaka yote akisikia watu wakilaumu breki ambayo haikuwepo. Nilitazama Ruguru, nikaogopa atasema nini. Angekuwa mimi, angesema. Matope yalikuwa yamemjaa nyweleni.

Alichuchumaa kando ya mama yake.

"Mami, akija, mwambie ni mimi niliitoa."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa nacheza na spana. Mwambie hivyo. Anikasirikie mimi."

Mama alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta. Mabega yake yakashuka. "Hawezi kukukasirikia wewe," akasema. "Wewe anakupenda."

"Basi," Ruguru akasema. "Basi hakuna shida."

Tulirudi kwa Murungi siku ya soko. Aliangalia nepia iliyokwama kwenye spoki, akaangalia kidevu cha Ruguru, akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga. Ruguru aliinamia ile ndoo akaichakura mwenyewe mpaka akaipata ya kwake, na Murungi akaifunga bila kuuliza lolote. Alimfundisha kuibana polepole, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja, mwili nyuma. Tulipotoka nilimwambia asimuuzie tena mtu wa kwetu baiskeli yenye breki moja, akaniuliza mimi ni nani wa kumkataza, tukagombana kidogo, nikajisikia afadhali.

Sasa Ruguru huteremka kila asubuhi. Hapigi mluzi. Anashuka polepole, ameuma midomo, na mimi husimama kando ya zizi lake nikiwa na roho mkononi mpaka nione watu wawili kwenye uwanja wa mama yake ng'ambo. Kuna siku mama anamjua na kuna siku anamwita nesi. Lakini kila siku, kabla ya salamu, mama hutoka mpaka langoni, anakamata breki ya kulia, ile ya mbele, ya baiskeli ya kijivu, anaibana kwa nguvu zake zote na kuisukuma mbele aone kama gurudumu litakataa kuzunguka. Likikataa, anaiachilia.

"Haya, ingia," anasema. "Chai iko tayari."